Mkono Mmoja Haulei Mwana: Tusimpoteze Mtoto Anayetumia Dawa za VVU

Hotuba hii ilitolewa na muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto katika baraza la wazazi, walezi, walimu na wazee wa mitaa, Kaunti ya Kilifi. Tunaichapisha kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kufika.

Najua jua ni kali na wengine wametembea kutoka mbali. Kwa hivyo nina jambo moja tu la kuwaambia, kisha nitalieleza.

Jambo lenyewe ni hili: mtoto hajipeleki kliniki. Mtu mzima akikosa dawa, tunaweza kumuuliza mwenyewe sababu yake. Mtoto wa miaka 3 akikosa dawa, yeye hana sababu. Sababu iko kwa mtu mzima aliyekuwa akimpa. Huenda mtu huyo amesafiri, ameugua, amefariki, amekosa nauli, au anamwogopa mwenzake nyumbani. Ndiyo maana naomba kila mtoto anayetumia dawa za VVU awe na watu wazima wawili wanaojua dawa zake, kipimo chake na siku yake ya kliniki. Mmoja hatoshi. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na sisi kliniki tunaliona hilo kila wiki.

Niseme kwanza kwa nini hatuna muda wa kusubiri. Virusi vya UKIMWI vikiingia kwa mtoto mchanga huenda mbio kuliko kwa mtu mzima. Mtu mzima anaweza kuishi miaka mingi bila dalili. Mtoto mchanga hana kinga iliyokomaa. Asipopata dawa, thuluthi moja ya watoto walioambukizwa hufariki kabla ya kutimiza mwaka 1, na nusu yao hufariki kabla ya miaka 2. Wengi huondoka kwa nimonia au kuhara, na nyumbani husemwa ni homa tu, au ni jicho la watu.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mwaka 2008 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Afrika Kusini kwa watoto wachanga wenye VVU ambao walionekana wazima. Kundi moja lilianzishiwa dawa mara moja, kabla ya kufikisha wiki 12. Kundi jingine lilisubiri mpaka dalili zitokee au kinga ishuke, kama ilivyokuwa desturi wakati huo. Katika kundi lililosubiri, watoto 16 kwa kila 100 walifariki. Katika kundi lililoanza mapema, walifariki 4 kwa kila 100. Dawa zilikuwa zilezile. Kilichotofautiana ni wakati wa kuanza. Tangu hapo ulimwengu uliacha kusubiri, na hapa Kenya mtoto akipatikana na virusi anaanzishwa dawa bila kungoja augue.

Pamoja na hayo, watoto bado wako nyuma. Takwimu za shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI za mwaka 2023 zinaonyesha kwamba kati ya watu wazima 100 wenye VVU duniani, 77 walikuwa wakipata dawa. Kwa watoto, walikuwa 57. Watoto ni asilimia 3 ya watu wote wanaoishi na VVU, lakini walikuwa asilimia 12 ya waliofariki kwa sababu ya UKIMWI. Mwezi wa Februari mwaka huohuo nchi 12 za Afrika, Kenya ikiwemo, zilikutana Dar es Salaam na kuahidi kumaliza UKIMWI kwa watoto ifikapo mwaka 2030. Ahadi ya mawaziri ni njema, lakini dawa hutolewa kikombeni saa mbili usiku, ndani ya nyumba zenu. Pale ndipo ahadi hutimia au hukwama.

Sasa niwaonyeshe mahali ambapo watoto wanatuponyoka. Nimehesabu sehemu tano.

Ya kwanza ni kati ya kuzaliwa na kupimwa. Mama mwenye VVU anayetumia dawa zake vizuri ana nafasi kubwa sana ya kumpata mtoto asiye na virusi. Bila huduma yoyote, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 wanaweza kuambukizwa wakati wa mimba, kujifungua au kunyonya. Huduma ikifuatwa, tunaweza kushuka chini ya 5. Lakini mtoto lazima apimwe ili tujue. Kipimo cha kwanza ni wiki 6, siku ileile ya chanjo ya wiki 6. Tunamchoma kisigino, tunachukua matone machache ya damu kwenye karatasi maalumu, na karatasi inapelekwa maabara. Kipimo kinarudiwa akiwa na miezi 6 na akiwa na mwaka 1. Akifikisha miezi 18 tunampima kingamwili, na kama bado ananyonya tunaendelea kumfuatilia mpaka baada ya kuachishwa ziwa.

Wengine huuliza, kwa nini mara nyingi hivyo? Kwanza, mtoto mchanga hubeba kingamwili za mama yake, kwa hivyo kile kipimo cha haraka mnachokijua kinaweza kuonyesha ana virusi kumbe hana. Ndiyo sababu tunatumia kipimo cha maabara kwa wachanga. Pili, maadamu ananyonya, anaweza kuambukizwa baadaye kama mama ataacha dawa. Kwa hivyo jibu zuri la wiki 6 si ruhusa ya kupotea. Mama, endelea kunyonyesha, maziwa yako matupu kwa miezi 6 ya kwanza, meza dawa zako kila siku, mpe mtoto dawa ya kinga tuliyokupa, na umrudishe.

Sehemu ya pili ni kati ya kipimo na jibu. Damu imechukuliwa, mama amerudi nyumbani, jibu limefika kituoni, mama hapatikani. Simu imezimwa au laini imebadilishwa. Hapa naomba jambo jepesi: toa namba mbili za simu, yako na ya mtu unayemwamini. Na kama hutaki mhamasishaji wa afya afike kwako akiwa amevaa jaketi la kazi, tuambie. Tutapanga mkutane sokoni, kisimani, au uje mwenyewe. Siri yako tunaitunza, na hata sheria inatubana. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2006 inakataza kutoa habari za hali ya mtu bila idhini yake.

Sehemu ya tatu, na hapa ndipo tunapoteza wengi, ni mlezi anapobadilika. Nitawapa mfano, na nimebadilisha mambo madogo ili mtu asitambulike. Kulikuwa na mvulana wa miaka 4 aliyekuwa akitumia dawa vizuri. Uzito ulikuwa unapanda na virusi vilikuwa havionekani tena kwenye damu yake. Mama yake akapata kazi ya nyumba Mombasa. Akamwacha mtoto kwa nyanya yake huku bara, akampa nguo, pesa kidogo ya matumizi, na chupa ya vidonge. Alimwambia nyanya, "Hizi ni za kifua." Nyanya aliona mtoto hakohoi. Chupa ilipoisha, hakuona haja ya kufuata nyingine. Alikuwa nyanya mwema, alimpenda mjukuu wake, na hakuna aliyemweleza. Baada ya miezi kadhaa mtoto aliletwa akiwa na uzito wa mtoto wa miaka 2, ana kifua kikuu na vidonda mdomoni. Alipona, namshukuru Mungu, lakini alilazwa wiki nyingi, na mama yake akaipoteza ile kazi aliyoiendea Mombasa.

Ndugu zangu, hapa kwetu mama kwenda Malindi, Mtwapa au Mombasa kutafuta riziki si kosa. Watoto wanalelewa na nyanya, shangazi, mama wadogo, na ndiyo desturi yetu ya kusaidiana. Tunachoomba ni kwamba mtoto asikabidhiwe bila dawa zake kukabidhiwa. Kabla hujasafiri, mlete huyo atakayebaki na mtoto kliniki, hata mara moja. Tutamweleza pamoja nawe, kwa maneno utakayokubali. Kama mtoto anahamia mbali, chukua barua ya uhamisho na dawa za njiani, ili kituo cha huko kisianze kumuuliza maswali ambayo hawezi kujibu. Na matanga yakitokea, maana matanga yetu huchukua siku, chupa ya dawa iingie mfukoni kabla ya leso.

Huyo mlezi wa pili anatakiwa kujua mambo machache tu. Ajue dawa ni zipi, anampa ngapi, saa ngapi, na tarehe ya kurudi. Ajue pia kwamba dawa za mtoto hupimwa kwa kilo zake. Tangu mwaka 2021 Kenya ni miongoni mwa nchi za kwanza kupata kidonge cha watoto cha dolutegraviri cha miligramu 10, ambacho huyeyuka ndani ya maji kidogo na kina ladha ya stroberi. Waliolea watoto zamani wanakumbuka ile dawa ya maji iliyokuwa chungu, mtoto akiiona chupa analia, na iliyohitaji kuwekwa mahali pa baridi. Sasa tumepumzika na shida hiyo. Lakini mtoto wa kilo 8 hutumia kidonge kimoja na nusu, akifika kilo 10 anatumia 2, akifika kilo 14 anatumia 2 na nusu. Akifika kilo 20 anahamia kidonge cha watu wazima cha miligramu 50. Kwa hivyo mkituma mtu mwingine achukue dawa bila mtoto, mara kwa mara, mtoto atakua na dawa itabaki ndogo. Mleteni apimwe kilo.

Nijibu pia swali la chakula, kwa sababu miaka ya ukame huku Ganze na Magarini tunaisikia sana: "Dawa ni kali, hatuna chakula, nimpe vipi?" Dawa hii ya dolutegraviri inaweza kutolewa mtoto akiwa amekula au hajala. Usiruke siku kwa sababu ya sufuria tupu. Na kama nyumbani hakuna chakula, tuambie, kwa sababu mtoto aliyekonda anatakiwa apimwe na apewe chakula cha tiba kituoni. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, mpe tena kipimo kilekile.

Sehemu ya nne ni ukimya. Mtoto anamezeshwa dawa tangu utotoni na hajui ni za nini. Akiwa na miaka 5 au 6 anaanza kuuliza. Akijibiwa ni za malaria, anashangaa kwa nini ndugu zake wakipata malaria wanameza siku 3 na yeye kila siku. Akifika darasa la 6 au la 7 anasikia somo la UKIMWI shuleni, anasoma jina lililo kwenye chupa, anaunganisha mwenyewe. Siku hiyo anajiuliza: kama walinidanganya kuhusu hili, ni nini kingine? Wengi huacha dawa hapo, kimyakimya. Vidonge tunavikuta chini ya godoro.

Ukweli upewe mtoto kidogo kidogo, kulingana na umri. Mdogo wa miaka 6 mwambie, "Ndani ya mwili wako kuna askari wanaokulinda, na dawa hii inawapa nguvu." Akikua, mwambie kuna vijidudu vinavyolala ukimeza dawa na kuamka ukiacha. Kati ya miaka 10 na 12, kabla hajabalehe, ataje na alijue jina la virusi vyenyewe, akisikia kwa mzazi au mlezi, na sisi tukiwa kando yako ukitaka. Mama wengi huniambia, "Ataniuliza niliipata wapi." Ndiyo, atauliza. Kaa naye umjibu. Bora akuulize wewe kuliko kuuliza uani kwa jirani.

Sehemu ya tano ni shule na ujana. Mtoto akienda shule ya bweni, dawa zake zinaingia kwenye sanduku la wengine. Mzazi, mtafute mtu mmoja tu pale shuleni unayemwamini, awe matroni, mwalimu wa ushauri au muuguzi. Huyo mmoja atosha. Walimu wangu, sheria hiyohiyo ya mwaka 2006 inakataza shule kumkataa au kumfukuza mwanafunzi kwa sababu ya VVU. Nawaomba zaidi ya sheria: mtoto akiomba ruhusa ya kliniki, mpe bila kumuuliza mbele ya darasa. Na kwa vijana wetu, tangu mwaka 2016 Kenya ina mpango unaofuata sufuri tatu: usikose siku ya kliniki hata moja, usikose kidonge hata kimoja, virusi visionekane kwenye damu. Vijana wanakutana, wanahesabiana na kutiana moyo. Kijana husikia zaidi kwa kijana mwenzake kuliko kwangu mimi mwenye mvi.

Mtaniuliza, kuna ubaya gani akiacha mwezi mmoja kisha arudi? Dawa zikikosekana, virusi huzaliana tena. Zikitolewa leo na kukosekana kesho, virusi huzoea na dawa hazivishindi tena. Mtu mzima akipata usugu huo ana dawa nyingine kadhaa. Mtoto ana chache, na ana miaka 60 au 70 mbele yake ya kuzitumia. Ndiyo maana tunapima kiwango cha virusi kwenye damu ya watoto na vijana kila miezi 6. Kipimo hicho kinatuambia kama dawa inafika mwilini. Si mtihani wa kumkamata mzazi.

Na aliyekwisha kupotea, arudi. Hata kama ni mwaka. Hakuna atakayekugombeza mbele ya watu, na huhitaji kutunga safari wala ugonjwa wa mjomba. Njoo na mtoto, tuanze palipobaki.

Nina neno kwa wanaume. Akina baba, kuna mama hapa kijijini anayeficha dawa za mtoto ndani ya unga kwa sababu anakuogopa wewe. Dawa inayofichwa hukosekana. Kama mama wa watoto wako ana VVU, pima na wewe, na watoto wote wapimwe, hata yule wa miaka 9 anayecheza mpira na anaonekana mzima. Wapo waliozaliwa na virusi wakafika umri huo bila kujulikana.

Kwa mashehe na wachungaji: tuombeeni wagonjwa, na tunaitikia amina. Mkimaliza dua, mwambieni mzazi aendelee kumpa mtoto dawa. Watu watawasikia ninyi kabla yangu.

Kwa wazee na wahamasishaji wa afya: mwaka 2025 Marekani ilipunguza misaada yake ya afya, na baadhi ya wafanyakazi waliokuwa wakiwafuata watoto waliokosa kliniki hawapo tena. Katika vituo vingi huduma hizi sasa zinatolewa pamoja na huduma nyingine za wagonjwa wa nje. Mzazi akifika akakuta chumba kimebadilishwa, asirudi nyumbani, aulize mapokezi. Kazi ya kujua ni mtoto gani amehama boma, nani amefiwa na mama, nani amerudishwa kwa nyanya, imebaki kwetu wenyewe. Ninyi ndio mnaojua habari hizo siku ileile. Sisi huzijua baada ya miezi 3, tarehe ya kliniki ikipita.

Kwa hivyo nawaomba mambo matatu mkitoka hapa. Wewe mwenye mtoto anayetumia dawa, mtaje moyoni mwako mtu wa pili, na uje naye kliniki kabla mwezi huu haujaisha. Wewe uliyekabidhiwa mtoto wa mwenzako, uliza kama ana dawa au kadi ya kliniki. Kuuliza si kuchimba. Na wewe uliyepimwa ukiwa na mimba, kirudishe kijitabu cha mama na mtoto siku ya wiki 6.

Watoto niliowapima kisigino miaka ile sasa wengine wako sekondari, na mmoja alinipita kwa bodaboda juzi akanipigia honi. Wanaishi kwa sababu kila jioni kulikuwa na mtu aliyekumbuka. Tuhakikishe huyo mtu hayuko peke yake. Sasa nayakaribisha maswali, na aliye na la siri tutaonana pembeni.

Kupima VVU na dawa za VVU ni bure katika vituo vya afya vya umma. Mzazi au mlezi mwenye swali afike katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, au amwone mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake.